Jahazi la Masikini na Meli ya Kaizari

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya juu ya meli ya Liemba, hii ya Ziwa Tanganyika, humsifu sana fundi mmoja wa Kijerumani aitwaye Anton Rüter. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiuhama mji wa Kigoma, ilitolewa amri meli izamishwe isije ikaingia mikononi mwa adui. Rüter alikuwa ndiye aliyeiunganisha kwa mikono yake. Akaitii amri, lakini kabla ya kuizamisha alizipaka mashine grisi nzito, chuma kwa chuma, ili maji yasizile. Meli ikalala chini karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji walijaribu kuitoa, ikazama tena. Waingereza walipoiopoa mwezi wa Machi 1924, mashine zile zikaonekana bado zafaa kazi.

Kisa hiki ni kitamu, na fundi aliyeijua kazi yake hastahili kunyimwa sifa. Lakini sisi watu wa pwani tukisikia habari ya chombo kilichoharibiwa na mtu anayekitakia salama, mioyo yetu haiendi Ujerumani. Huenda moja kwa moja kwenye Suratul Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa.

Msomaji anakumbuka. Nabii Musa (A.S.) alifuatana na yule mja mwema ambaye Qurani haikumtaja kwa jina, na Hadithi za Mtume (S.A.W.) ndizo zilizotujulisha kuwa ni Khidhr. Wakapanda chombo cha watu, naye akakitoboa. Musa akamlaumu, na lawama yake ilikuwa ya haki kwa yale aliyoyaona kwa macho: mtu hukaribishwa chomboni kisha akakitoboa? Mwisho wa safari ndipo alipoambiwa sababu. Wenye chombo walikuwa masikini wachumao riziki yao baharini, na huko kulikuwa na mfalme akinyang'anya kila chombo kizima. Chombo chenye aibu kingeachwa. Wanazuoni wakapata humo hoja ya kuwa dhara dogo huweza kutendwa ili kuzuia dhara kubwa.

Na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wakaona jambo jingine, ambalo nalipenda zaidi. Watu wale walikuwa na chombo chao wenyewe, na juu ya hivyo wakaitwa masikini. Basi Mashafii wakasema kuwa masikini si yule asiye na kitu kabisa, huyo ni fakiri. Masikini anacho kitu, ila hakimtoshi. Anayetaka kuielewa tofauti hiyo bila kufungua kitabu cha fiqhi, na ashuke ziwani huku Katavi, awaone watu wenye mitumbwi yao, nyavu zao na taa zao za kuvulia dagaa, na bado hesabu ya mwezi haitimii.

Visa hivi viwili basi vyafanana kama mapacha, na mtu mwenye haraka angeweza kumvika Rüter kanzu ya Khidhr. Mimi nakataa. Katika Suratul Kahf chombo ni cha masikini na mnyang'anyi ni mfalme. Kigoma mwaka 1916 chombo kilikuwa cha mfalme mwenyewe, naye alikuwa akikificha asije mfalme mwenzake akakichukua. Grisi ile haikupakwa kwa ajili ya mtu wa Karema wala wa Ujiji. Ilipakwa ili Kaizari akirudi aikute mali yake nzima. Kwamba hakurudi, na kwamba manufaa yakawafikia watu ambao fundi hakuwakusudia, hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu na wala si hesabu ya Rüter.

Na tuitazame meli yenyewe ilikotoka. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, katika kiwanda cha Meyer, kaskazini ya Ujerumani. Ilikuwa na urefu wa mita 71 na ushei, na upana wa mita kama 10. Ilipokwisha kuundwa ikafumuliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari. Kutoka Dar es Salaam ikapelekwa Kigoma kwa njia ya reli ya kati, iliyofika huko mwezi wa Februari 1914 baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200 za nchi. Mafundi watatu wa Papenburg, Rüter na wenziwe Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wakaisimamia ikaunganishwa upya, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wakati huo vita vilikwisha kuanza, ikafanywa manowari. Ikatiwa mzinga uliotoka katika ile Königsberg iliyomalizwa na Waingereza katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Watu wa Rufiji na Mafia wanazo habari zake. Basi na wajue kuwa mzinga mmoja wa meli ile ulivuka nchi nzima ukaenda kulinda ziwa.

Meli ikapewa jina Graf von Goetzen. Vitabu vingi hulitaja jina hili vikapita, kama mtu apitaye kaburi asilolijua. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii tangu 1901 hadi 1906. Ni katika utawala wake vilipozuka vita vya Maji Maji mwaka 1905, na askari wake wakachoma vijiji, mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya watu 75,000 na 300,000. Hilo ndilo jina lililoandikwa ubavuni mwa meli, miaka michache tu baadaye, katika nchi ile ile ambayo watu wake walikuwa bado wakizikumbuka njaa zake. Mwandishi anayetupa kipimo cha kila mzinga, kisha asiseme neno moja juu ya jina hilo, huyo hajatuandikia historia. Ametuandikia orodha ya vyuma.

Lawama yangu ya pili kwa vitabu hivyo ni juu ya watu. Giles Foden, Mwingereza aliyeandika mwaka 2004, ametujaza habari za kamanda Geoffrey Spicer-Simson, aliyezivusha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kutoka Afrika ya Kusini hadi ziwani, na aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Ni kweli, boti zile ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na mwezi wa Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kitabu kinachekesha na kinasomeka. Alex Capus, mwandishi wa Uswisi, katika riwaya yake ya 2007 ana huruma zaidi, lakini macho anayotuazima ni ya mafundi wa Papenburg upande mmoja na ya Spicer-Simson upande wa pili. Makasha 5,000 hayakujipakua yenyewe. Ribiti za meli ya mita 71 hazikujigonga. Yuko mtu aliyeshika koleo la moto, yuko aliyepokea ribiti upande wa ndani wa bati akaziba masikio kwa makelele, yuko mpishi, yuko baharia wa Ujiji aliyewaonyesha wageni miamba ya ziwa ilipo. Sijaonyeshwa majina yao katika vitabu hivi. Nimeonyeshwa sketi ya kamanda.

Filamu imefanya vibaya zaidi. C. S. Forester aliandika riwaya yake mwaka 1935, naye John Huston akaitengenezea filamu iliyotoka 1951, The African Queen, akiwamo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart akapewa tuzo kubwa ya Marekani kwa kazi hiyo. Humo meli ya Wajerumani, ambayo watu hudhani ni mfano wa hii yetu, inaripuliwa na mashua chakavu ya wapenzi wawili wa kizungu, nao wakaogelea huku wakicheka. Sisemi kuwa mtunzi hana haki ya kubuni. Nasema kuwa Waafrika wanaonekana mwanzo wa filamu wakiimba ovyo kanisani, kisha kijiji chao kinachomwa, kisha wanatoweka, na hadithi inaendelea bila ya kuwauliza wamekwenda wapi. Mtu anayechomewa nyumba katika dakika za mwanzo, asirudi tena mpaka mwisho, amefanywa kuni za kuwashia mapenzi ya watu wengine.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha kwa wenye kupenda vyombo. Mashua ile ya filamu ni ya kweli. Iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikafanya kazi katika maziwa ya upande wa Uganda kwa miaka mingi. Baadaye ikachukuliwa Marekani, na mwaka 2012 ikakarabatiwa huko Florida, ikatiwa nakshi na kung'arishwa, na sasa hutembeza wageni wanaotaka kukaa alipokaa Bogart. Chombo kilichoigiza kikapata wa kukitunza mapema. Chombo cha kweli, kilichobeba watu wa kweli, miaka sita baadaye kilikuwa kimefungwa gatini hakiendi popote.

Wazungu wana namna yao ya kuvipenda vyombo, na si yote ya kuigwa. Nitatoa mfano mmoja. Wafalme wa Uingereza walikuwa na jahazi la mashindano liitwalo Britannia, lililoundwa 1893. Lilishindana na majahazi ya Kaizari Wilhelm, huyu huyu ambaye watu wake walituletea meli, na wako wanaosema kuwa wivu wa mbio zile za matanga uliongeza moto katika wivu wa manowari. Britannia lilishinda mara 231, hesabu ambayo wapenda ngalawa na mashua wa Lamu na Unguja wataiheshimu. Mfalme George wa Tano alilipenda mno, na kabla ya kufa mwaka 1936 akataka lisitumiwe na mtu mwingine baada yake. Basi mwezi wa Julai mwaka ule likavuliwa milingoti na samani, likavutwa usiku hadi kilindini karibu na kisiwa cha Wight, likazamishwa. Husimuliwa kama kisa cha mapenzi. Kwetu sisi mali ni amana, na mbao nzuri namna ile, kazi ya mafundi, kuzitupa baharini ili mkono wa mwingine usizishike, hilo lina jina lake katika dini yetu, nalo ni israfu. Ukilitazama hivyo, Rüter na grisi yake anakuwa mtu bora kuliko mfalme yule, maana yeye angalau alizamisha akitumaini kuwa chombo kitafanya kazi tena.

Waingereza walipokwisha kuitengeneza meli waliirudisha kazini tarehe 16 Mei 1927, wakaiita Liemba. Hapo walitenda jambo jema, kwa kukusudia au bila ya kukusudia. Liemba ni jina la ziwa lenyewe kwa watu wa ncha ya kusini. Livingstone alilisikia huko alipofika mwaka 1867. Jina la gavana likafutwa na jina la maji likaandikwa mahali pake. Ukarabati wa kwanza wa meli hii, kwa maoni yangu, ndio huo wa jina. Wa vyuma ulifuata.

Watu wa pwani nao wasidhani kuwa ziwa lile lilikuwa tupu likingoja moshi wa Papenburg. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanya biashara wetu wamekwisha kutangulia, na Speke akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim kumwomba amuazime jahazi lake. Hakulipata. Mzungu aliyetafuta chanzo cha mto Nile alirudi katika mtumbwi ule ule, mvua ikimnyeshea, kwa kuwa tanga pekee lililomfaa lilikuwa la Mwarabu naye alikuwa na shughuli zake. Tusijivune kupita kiasi kwa hilo, kwani biashara ya tanga lile haikuwa ya pembe tu. Walivushwa pia wanadamu wenye minyororo, na mtu anayemlaumu Götzen lazima alitaje na hili kwa sauti ile ile. Wafalme wanaonyang'anya hawakuwa wote wa Ulaya.

Sasa nije huku nilipo. Kabungu si mji wa ziwa. Iko upande wa Mpanda, na mwenye haja ya ziwa hushuka magharibi mpaka Ikola au Karema. Hata hivyo meli ile ni sehemu ya maisha ya watu wa huku. Kwa miaka mingi iliondoka Kigoma Jumatano alasiri, ikateremka kusini ikigusa Lagosa, Karema, Ikola, Kabwe, Kipili na Kasanga, ikafika Mpulungu katika Zambia Ijumaa asubuhi. Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na mitumbwi na boti zikaizunguka kwa makelele. Abiria alipandia mlango wa ubavuni, mtoto akipokezwa mkono kwa mkono juu ya maji, kuku kwa kuku, gunia kwa gunia. Dagaa wakavu, mahindi, mchele, mananasi. Wagonjwa waliokwenda hospitali ya Kigoma. Maharusi. Maiti pia.

Ilipangiwa abiria 600. Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke zilitolewa ikatiwa za dizeli, na mwaka 1993 ikatengenezwa tena kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1997, alipopinduliwa Mobutu, Liemba na Mwongozo ziliwarudisha kwao Wakongo wakimbizi zaidi ya 75,000, na Liemba peke yake ilikwenda Uvira safari 22 kwa muda wa miezi mitano. Mwezi wa Mei 2015 ikawa ndiyo iliyowachukua maelfu ya Warundi kutoka ufuko mwembamba wa Kagunga, walipokuwa wakifa kwa kipindupindu, ikawafikisha Kigoma. Hayo ndiyo mambo ambayo ningependa kuyasoma katika kitabu kimoja kikubwa, yaandikwe na mtu wa huku, kwa kuwauliza mabaharia waliokuwamo na akina mama waliojifungua njiani.

Mwaka 2018 meli iliacha kubeba abiria. Tangu hapo habari yake imekuwa ni ya ukarabati na mikataba ya ukarabati, nami naunga mkono ikarabatiwe. Ila nina shaka na lugha inayotumiwa kuisifu. Watu husema kwa fahari kuwa ni meli ya mwisho ya Kaizari ambayo bado inaelea, kuwa imetimiza miaka mia na zaidi, kuwa wageni watakuja kuipiga picha. Yote hayo huenda ni kweli, na fedha za wageni ni halali. Lakini uzee wa chombo si pambo kwa mtu anayelala juu ya sitaha yake na wanawe. Msomaji wa Unguja na Pemba haniulizi nasema nini hapa. Septemba 2011 ilizama Spice Islander, Julai 2012 ikazama Skagit. Wa Kanda ya Ziwa wana Bukoba ya Mei 1996 na Nyerere ya Septemba 2018. Baada ya kila msiba tulisomewa maneno ya mzigo kupita kiasi na watu kupita idadi. Bati jipya na rangi mpya haviondoi dhambi hiyo. Anayekata tikiti ya mtu wa 601 amekwisha kutoboa chombo, na huyo si Khidhr. Hana elimu aliyopewa kutoka kwa Mola wake, ana sanduku la fedha tu.

Kwa hiyo ukarabati huu naupima kwa kipimo cha Suratul Kahf, yaani kwa kuuliza chombo ni cha nani. Ikiwa vyumba vya juu vitapakwa vanishi kwa ajili ya watalii na daraja la tatu likabaki lile benchi lililovunjika, meli itakuwa imerudishiwa jina lake la kwanza, hata kama maneno ya ubavuni yasema Liemba. Ikiwa maboya na boti za kuokolea zitatosha watu wote, na choo cha chini kitafanya kazi, na nauli haitamshinda mwenye mtumbwi, hapo chombo kitakuwa kimefika kwa wenyewe.

Karema sasa imejengewa bandari, ina gati la saruji, na abiria hana tena sababu ya kupokezana mtoto juu ya maji. Liemba ikifunga kamba pale, wapiga picha watakimbilia mbele kutafuta chapa ya Papenburg. Mimi nitapita nyuma, nisome idadi ya abiria iliyoandikwa mlangoni, nihesabu makoti ya kuokolea, kisha niteremke chini kumtazama mama mwenye magunia ya dagaa, kama amepata mahali pa kujinyoosha au bado analala juu ya magunia yake.